Mwenye Hasira Haingii Majini

Ngumi ya kwanza ilimpata Akilimali shingoni, akiwa ameinama kufunga kiunoni ule mkanda wa vyuma unaomsaidia mzamiaji kwenda chini. Ya pili ilimpasua mdomo. Ya tatu aliiona ikija, akakwepa, na mkono wa Esdras ukajigonga kwenye ubavu wa boti kwa kishindo kilichowanyamazisha wachuuzi wa samaki aina ya sambaza kule juu ya mawe.

"Mwizi!" Esdras alifoka huku akiupuliza mkono wake. "Unamutaka dada yangu kwa mali gani? Kwa nyavu ya kuwindia swala?"

"Miye sijaiba muntu," Akilimali alijibu, damu ikimtiririka kidevuni. "Dada yako iko na miguu. Alikuja yeye mwenyewe."

Jibu gani hilo la kumpa mtu aliyekwisha kupandwa na mori! Esdras alimrukia, wakaanguka pamoja kwenye changarawe, wakagaragazana na kutiana mchanga machoni. Adelaïde alitoka mbio kwenye kibanda cha vifaa, nguo yake ya kuzamia ikining'inia nusu kiunoni, akajitupa katikati yao. Kiwiko cha kaka yake kilimpata shavuni, akaona nyota mchana kweupe.

"Esdras! Unataka kuua muntu?"

"Papa amepiga simu asubuhi," Esdras alisema akihema. "Nikupatie maneno yake bile alisema, neno kwa neno. Leo njo mwisho. Ukishuka tena mu maji na huyu muntu wa Walikale, usipande tena kwetu Kingi. Ng'ombe za ule bwana wa Kitshanga mwenye kukuposa zimeshafika mu lupango yetu, nyumbani. Papa anauliza: mwanaume hana kilima wala shamba, atakuzika wapi?"

"Umwambie Papa sitafuti pa kuzikwa. Natafuta pa kuishi."

Alisema hivyo kwa ukali, ingawa alijua gharama yake. Papa Symphorien hakuwa mtu wa kutishia mara mbili. Mlango wake ukifungwa, umefungwa, na nyuma ya mlango ule walikuwamo mama yake, wadogo zake, na shamba la maharage alilolilima tangu utoto. Akageuka kumtazama Akilimali. Akilimali naye alikuwa anamtazama yeye, si kaka yake, kwa yale macho yake ya utulivu ya mtu aliyelelewa na wawindaji, macho yanayongoja bila kudai. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, hayafichiki. Pwani nzima ya ziwa pale Kirotshe ilikuwa imeshawasikia wakikohoa.

Filimbi ikalia. Mama Colette alikuwa anashuka kutoka barabarani.

Ukiwauliza watu wa Kirotshe kilabu kile cha wazamiaji kinaishi kwa nini, watakwambia kinaishi kwa kiburi cha Mama Colette. Ni mkunga mstaafu, mnene, mwenye sauti ya kengele. Hakuna anayelipwa pale. Adelaïde ni mwalimu wa shule ya msingi, Akilimali fundi wa pikipiki, Esdras seremala. Jumatano wanakagua vifaa, Jumamosi wanafundishana, na ziwa likimmeza mtu, wanaitwa siku yoyote. Kazi zote ni za zamu. Mmoja anajaza mitungi hewa kwa kompresa, mmoja anashika kamba botini, wawili wanazama pamoja, kila mmoja akiwa binome wa mwenzake, hawaachani macho mpaka watoke.

Na juu ya zamu zote ipo sheria moja. Kabla mtu hajagusa maji, wote wanasimama duara wameshikana mikono, na kila mmoja anatamka hali ya moyo wake. Mwenye ugomvi anasema, anabaki nchi kavu, na hakuna wa kumcheka. "Chini kule kuna nafasi ya wawili," Mama Colette alizoea kusema. "Weye na binome yako. Hasira haina mutungi."

Siku ile kiongozi wa zamu alikuwa Adelaïde. Alilitazama duara la watu wake: mmoja mdomo umepasuka, mwingine mkono umevimba, na yeye mwenyewe shavu limeanza kujaa. Angesema ukweli, hakuna ambaye angeshuka. Lakini juu ya jiwe, kitenge kimemfunika kichwa, alikuwa ameketi Mama Mukagasana. Tangu Alhamisi, dhoruba ilipoupindua mtumbwi wa mwanawe Nshimiyimana, mama yule hakula wala hakulala. Hakuwa akilia tena. Alikuwa anayatazama maji tu, akingoja wamtolee maiti ya mwanawe.

"Moyo yangu iko safi," alisema Akilimali, akimeza damu.

"Safi," alinong'ona Esdras akitazama vidole vya miguu yake.

Mama Colette aliwaangalia mmoja mmoja. Alikuwa amekuja amechelewa na ugomvi hakuuona, lakini kipofu hakuwa. "Na weye, mwalimu?"

"Iko safi, Mama."

Uongo wa watu watatu ukaingia botini pamoja nao.

Esdras ndiye aliyekuwa na zamu ya kamba. Alimfunga dada yake kamba ya bluu kifuani, akamfunga Akilimali nyeupe bila kumtazama. Ishara zao zilikuwa chache: kuvuta mara moja ni salama, kuvuta mfululizo ni nitoe. Wakajitupa majini.

Kule chini ulimwengu ulinyamaza, na kwa muda mfupi Adelaïde alikuwa na furaha, Mungu amsamehe. Hapakuwa na Papa Symphorien wala ng'ombe wa mtu. Akilimali alimwonyesha kwa kidole kuwa yuko salama, kisha akamgusa kifundo cha mkono, jambo ambalo hakuna aliyelifundisha kilabuni. Wakateremka ukingo wa mawe taratibu, kurunzi zikipekua.

Walikuwa wamefika kwenye tope Akilimali alipoanza kupumua vibaya. Mapovu yake, ambayo siku zote yalipanda kwa vituo, yalianza kumwagika bila kukatika. Akashika kichwa. Adelaïde akamuuliza kwa mkono: uko salama? Hakujibu. Alimgeukia, na nyuma ya kioo Adelaïde akaona macho asiyoyajua, yamemtoka pima, macho ya mtu anayemtazama adui.

Akamrukia.

Mkono mmoja ulimkaba shingo, mwingine ukaung'oa mpira wa kupumulia kinywani mwake. Maji yalimjaa mdomoni, makali na ya baridi. Adelaïde alimpiga teke la tumbo. Hakuachia. Alikuwa anamparura, anampanda kama mtu anayepanda mti moto ukiwa chini yake, goti likimchimba mbavu, kucha zikimchana uso mpaka miwani ikajaa maji. Kifua kilimuwaka. Akainua kurunzi, akampiga nayo kichwani kwa nguvu zote. Akampiga tena. Alimpiga mwanaume anayempenda kuliko pumzi yake, ili apate pumzi.

Mkono ukalegea. Adelaïde akaupapasa mpira wake, akaurudisha kinywani, akakohoa ndani yake, akavuta hewa. Kisha akazishika kamba zote mbili, akavuta, akavuta, akavuta.

Ile ya bluu ikakaza mara moja na kuanza kumnyanyua. Ile nyeupe haikukaza. Ilikuja chini yenyewe, pinda kwa pinda, imelegea, ikalala juu ya tope. Mtu aliyekuwa juu alikuwa ameiachia.

Akaelewa. Esdras alikuwa amechagua.

Hakuwa na muda wa kumlaani. Alilifungua fundo kifuani pake huku likimburuta, akamshika Akilimali kwapani, akaizungusha kamba ya bluu kifuani mwake na kuifunga kwa fundo la kilabu, lile ambalo Mama Colette aliwafundisha mpaka wakaliweza wamefumba macho. Akambana mpira kinywani usimtoke. Akavuta mfululizo.

Na Esdras kule juu, akidhani anamwokoa dada yake, alivuta kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Akilimali akaondoka mikononi mwa Adelaïde, akapaa, akapotea.

Alibaki peke yake, hana kamba. Hapo ndipo kurunzi yake iliangukia shati jekundu kati ya mawe mawili, na mkono uliokunjuka kwa upole kama wa mtu aliyelala. Nshimiyimana. "Ningoje kidogo," alimwambia moyoni. Akafungua kimoja cha vyuma vyake, akakiweka juu ya jiwe jeupe lililokuwa jirani, apajue mahali. Akaanza kupanda.

Mzamiaji hapandi haraka kuliko mapovu yake mwenyewe. Anayekimbilia juu hufika na damu imechafuka, na wengine hawafiki. Adelaïde aliwafundisha wengine jambo hilo kila Jumamosi. Lakini alipolikaribia boti alisikia mbao zikilia: pu. Kimya. Pu. Pu. Kitu kizito kilikuwa kinapigwa ndani ya boti, na alijua ni kitu gani. Kila kishindo kilimwambia paa, paa upesi. Alijizuia. Aliuma mpira kinywani, akalia ndani ya miwani, akapanda polepole.

Alipotoa kichwa juu ya maji, Esdras alikuwa amesimama na kafi mkononi.

"Iko wapi? Dada yangu iko wapi? Umemuacha wapi, nyama ya pori weye?"

Akilimali amelala sakafuni, anatapika, ameficha kichwa kwa mikono. Hakuwa anajitetea. Kafi ilishuka tena begani mwake.

"Esdras!"

Kafi ilisimama hewani. Adelaïde hakujua alivyopanda botini, na mtungi wote ule mgongoni. Alijua tu kwamba aliipokonya kafi ile na kumpiga nayo kaka yake ya mbavu, akampiga ya paja, na Esdras aliketi chini akizipokea, akilia kwa furaha ya kumwona hai.

"Kamba nyeupe!" Adelaïde alipiga kelele. "Kamba nyeupe ilikuwa wapi?"

Esdras aliigeuza boti kuelekea ufukweni.

Walipofika ufukweni watu walikuwa wamejaa. Wengine waliona uso wa Adelaïde ulivyochanika, wakaanza kuokota mawe. "Amemupiga mwalimu! Mumutoe hapa!" Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa cha Akilimali. Adelaïde akalala juu yake, mwili mzima, na la pili likampata yeye mgongoni.

"Mwenye kutupa ingine nitamuzalisha bila mimba!" Mama Colette alinguruma, na mawe yakaanguka yenyewe kutoka mikononi mwa watu. Nusu yao yeye ndiye aliyewapokea duniani.

Alipiga magoti, akamfunua Akilimali kope, akamsikiliza pumzi. "Kichwa?"

"Kinapasuka, Mama. Sikumujua. Naapa, sikujua ni Adelaïde. Niliona tu muntu wa kuniua."

Mama Colette aliugeukia ule mtungi. "Huu nani alijaza?"

"Ni miye," alisema Esdras. "Leo asubuhi. Wa Adelaïde ulijazwa jana."

"Kompresa uliweka wapi?"

"Pale pa siku zote, ukingoni mwa shimo la mawe."

"Na mupira wa kuvuta hewa? Uliufunga juu ya muti?"

Esdras aligeuka kutazama kule kwenye kompresa. Kisha akakimbia, na wote wakamfuata. Kompresa ilikuwa ukingoni, chini ya paa lake la bati. Ule mpira, ambao sheria inataka ufungwe juu ya mti mrefu ndipo kompresa iwashwe, ulikuwa umening'inia ndani ya shimo la zamani la kuchimba mawe. Upepo ulikuwa haujavuma tangu alfajiri. Karibu na ncha yake ndege wawili walikuwa wamelala chali, miguu juu.

"Mazuku," mtu alinong'ona.

Hakuna mtoto wa nchi ile asiyeijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini asubuhi zisizo na upepo na kutuama mabondeni. Haina rangi, na mbuzi akiishukia hapandi tena. Esdras alikuwa ameijaza kwenye mtungi wa mtu.

"Papa alipiga simu nikiwa hapa," alisema, sauti imekatika. "Hasira ilinishika. Mupira nikausahau. Mungu wangu, nikausahau."

Hasira hasara, lakini hasara ile ilikaribia kuwa jeneza. Walirudi ufukweni, na hapo ndipo Mama Mukagasana alipoinuka kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu iko chini," alisema. "Na nyinyi muko napigana juu ya kichwa yake?"

Afadhali angewatukana.

"Nimemuona, Mama," Adelaïde alisema. "Najua pale alipo. Nitarudi."

"Utarudi na nani?" aliuliza Mama Colette. "Akilimali hawezi leo. Amebaki kaka yako. Mitungi miwili ya jana iko mizima. Basi, duara. Na safari hii mwenye kunidanganya, atafute ziwa ingine."

Wakashikana mikono. Wa Esdras ulikuwa baridi ndani ya mkono wa dada yake.

"Moyo yangu haiko safi," Esdras alianza. Akatazama watu wote waliokuwa wanamsikiliza, akaendelea hivyo hivyo. "Mupira nilisahau, ile ni kosa. Lakini kamba nyeupe sikusahau. Nilisikia kamba zote mbili zinavutwa. Nikaiacha ya Akilimali. Nilisema moyoni: abaki. Njo bile ilikuwa."

Wanawake wakashika vichwa. Adelaïde alijua tangu kule topeni, lakini kujua ni jambo moja na kusikia ni lingine. Akauchomoa mkono wake.

"Yangu pia haiko safi," alisema. "Sijamusamehe. Na leo sitamusamehe."

"Basi hakuna mwenye kushuka," alisema Mama Colette, machozi yakimlengalenga. Sheria ni sheria. Mama Mukagasana akaurudisha kitenge kichwani.

"Mungojee."

Alikuwa Akilimali, ameinuka akakaa. Kitambaa alichofungwa kichwani kilishaloa damu. Alijikongoja, akaingia kwenye duara, akaushika mkono wa Esdras kwa kushoto na wa Adelaïde kwa kulia.

"Miye pia moyo yangu haiko safi, Mama Colette. Huyu muntu namuchukia. Nikipona nitamupiga, ajue. Lakini mikono yangu iko safi. Nitashika kamba, yake na ya Adelaïde. Akivuta, nitamutoa." Akamgeukia Esdras. "Unanisikia? Nitakutoa. Weye fikiria hiyo ukiwa chini."

Esdras alijaribu kumtazama, akashindwa. "Nakusikia," alisema.

Mama Colette alimtazama Mama Mukagasana. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kilabu kianze, akaivunja sheria aliyoitunga mwenyewe. "Haya," alisema. "Kusema ukweli nako ni usafi kidogo."

Wakashuka, kaka na dada. Kule chini Esdras aliivuta kamba yake kila mara, moja, moja, kama mtoto anayeuliza kama mzazi bado yupo. Na kila alipovuta, kutoka juu alijibiwa. Walimtoa Nshimiyimana katikati ya mawe, wakamfunga, wakapanda naye polepole. Mama Mukagasana aliingia majini mpaka kiunoni kumpokea. Alimpangusa tope usoni kwa ncha ya kitenge chake, na hapo ndipo alipolia, na pwani nzima ikalia naye.

Jua lilikuwa limesogea simu ya Esdras ilipoita. Alikuwa amesimama kando, maji yakimchuruzika. Adelaïde alikuwa ameketi juu ya jiwe, kichwa cha Akilimali mapajani pake, akimfuta damu sikioni. Alimsikia baba yake kabla Esdras hajaisogeza simu sikioni, kwa jinsi mzee yule alivyozoea kuongea kana kwamba anaita ng'ombe kilima cha pili.

"Umemutoa dada yako mu maji?"

"Papa, miye njo nimetolewa, na Akilimali."

"Sikuulizi hayo! Ameshuka na ule muntu ao hakushuka?"

Esdras aliyatazama maji. "Ameshuka, Papa."

"Basi umwambie asipande Kingi. Simujui."

Adelaïde aliinamisha uso. Alikuwa amelichagua hilo mwenyewe, kule chini, alipofungua lile fundo kifuani. Lakini neno la mzazi likisemwa linauma lote. Machozi yalimdondokea Akilimali kwenye paji la uso, naye akainua mkono akamgusa kifundo cha mkono, pale pale alipomgusa kule chini.

"Nitamwambia," alisema Esdras. "Lakini nami usiningojee, Papa. Ule muntu wa Walikale mwenye unamukataa, leo niliachia kamba yake nikitaka afe. Na yeye akashika yangu. Siwezi kukaa meza moja nawe nikakula, na yeye iko inje."

Sauti ya upande wa pili ilipasuka kwa matusi. Esdras aliisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri, kisha akaikata. Alisimama pale hajui aende wapi, mtu mzima hana nyumbani.

"Shemeki," Akilimali alisema bila kufungua macho, "ile deni yako ya kupigwa bado ninayo. Usiende mbali."

Esdras akacheka, na kicheko kikageuka kilio njiani.

Adelaïde hakumtazama. Hakuwa amemsamehe, na alijua itachukua miezi, labda miaka. Alisogea kidogo tu juu ya jiwe, na kaka yake akaketi.